Chumvi Iliyopanda Mlima

Niliuona unga mweupe umezunguka vichwa vya riveti, vile vipini vidogo vya metali vilivyoshikilia pete ya nanga kwenye kayaki yangu, kimtumbwi changu cha kuvulia, laini kama poda ya mtoto, nikaupangusa kwa kidole gumba nikaendelea kufunga kamba. Ilikuwa Ijumaa jioni, giza linaingia, na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye chambo. Nikadhani ni vumbi. Hapa Moshi mwezi wa tisa kila kitu kina vumbi, hata sukari ya kwenye kopo.

Kesho yake, katikati ya bwawa la Nyumba ya Mungu, nanga ikanasa. Chini kule kuna visiki vya miti iliyozama tangu bwawa lilipojazwa miaka ya 1960, na wavuvi wa Lang'ata watakuambia ukitupa nanga ovyo hesabu umeitoa sadaka. Nikavuta. Nikavuta tena, safari hii kwa uzito wa mwili wote. Kamba haikukatika, kisiki hakikuachia. Nilichosikia ni mlio kama wa mtu anayebanja karanga, na ile pete ya stenlesi niliyofungia kamba ikang'oka nzima nzima kwenye kayaki, ikabaki inaning'inia mkononi mwangu. Pale puani ilipokuwa imekaa palikuwa na matundu manne, kila moja la kuingia kalamu ya risasi, na mawimbi yalikuwa yameanza kupanda kwa sababu upepo wa pale ukishaamka mchana hauna adabu.

Na pale kuna mamba. Nataja tu.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja mwenye mtumbwi aliyekuwa anategua nyavu zake karibu. Alikuja, akatazama matundu, hakuuliza chochote. Akavua ndala yake moja, akaikata kisigino kwa kisu vipande vinne vyembamba, akavisokomeza kwenye matundu kimoja kimoja kwa kuvizungusha. Maji yakaacha kuingia. Ndipo akaichukua ile pete, akaigeuza, akakwangua mabaki ya riveti kwa ukucha. Yakamong'onyoka kama chokaa ya ukutani.

"Kaka," akasema, "hii imeliwa siku nyingi."

Nilimlipa hela ya ndala na samaki wote niliokuwa nao, perege watatu na kambale mmoja mwenye sura ya kukata tamaa.

Niwaeleze kayaki yenyewe kwanza. Ni ya plastiki, ile ya kukalia juu wala si ya kuingia ndani, ndefu kama mita tatu na nusu, rangi ya chungwa iliyopauka. Niliinunua miaka sita iliyopita kwa mgeni aliyekuwa anafungasha kurudi kwao kutoka Arusha. Alikuwa akiitumia Ziwa Duluti pale Tengeru, kutalii tu na kutazama ndege. Mimi ndiye niliyeibadili kuwa chombo cha kuvulia: nikaongeza reli za alminiamu za kushikia fimbo, pete ya nanga, usukani mdogo wa nyuma wenye nyaya. Majirani zangu hapa Moshi hawajawahi kuiita kayaki. Wanaiita beseni. "Mangi, leo beseni halitoki?" Nimeshazoea.

Kwa miaka mitano sikuijali, na haikunilaumu. Duluti ni maji baridi, bwawani ni maji baridi, ukirudi unaiegesha ukutani na tope lake, wiki ijayo unaondoka nayo tena. Hapo ndipo nilipolelewa vibaya. Mtu aliyejifunza kutunza chombo kwenye maji baridi anadhani adui ni maji.

Mwezi wa saba mwaka jana nikapata wazo la kipuuzi kidogo. Maji yanayoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru kwa mito ya Ruvu na Kikuletwa yanakutana pale Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya umeme, kisha yanatoka yakiitwa Mto Pangani na kwenda zake hadi Bahari ya Hindi. Nimevua kwenye maji haya huku juu miaka yote, nikajiambia, kwa nini nisiyafuate mpaka yanakoishia? Nikaifunga beseni juu ya gari, Same, Korogwe, Segera, Tanga, hadi Pangani mjini. Siku nne. Nilipata kolekole mmoja ambaye bado namsimulia, na ukubwa wake unaongezeka kila ninapomsimulia.

Nilirudi usiku, nimechoka. Nikaiteremsha nyuma ya nyumba, nikaifunika turubai, nikaibana vizuri kwa mawe isipigwe vumbi. Vizibo vyote vimefungwa, mifuniko yote imefungwa. Nikaiacha hivyo hadi mwezi wa tisa. Sikuiosha. Kichwani mwangu bahari ilikuwa imebaki kule kule, zaidi ya kilomita 300 nyuma yangu, na Moshi tuko juu mita 800 na ushei, hewa kavu, mlima unatutazama. Kutu ya bahari ingenifuata vipi huku?

Ilinifuata kwa sababu niliibeba. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi. Ndani ya tumbo la kayaki, nikikumbuka jinsi lilivyokuwa likicheza chakacha njia nzima kutoka Segera, kulikuwa na maji kama lita mbili. Yakikauka hayo yanaacha gramu 70, sawa na vijiko vikubwa vinne vya chumvi vimetapakaa mahali usipoweza kuona wala kufikisha mkono. Na chumvi haikai kavu. Mama yeyote anajua chumvi ya jikoni inavyolowa masika. Inavuta unyevu wa usiku, inageuka maji makali kupita hata ya bahari yenyewe, mchana turubai likipata joto inakauka, usiku inalowa tena. Usiku zaidi ya 60 mfululizo. Kayaki iliyobaki Pangani inaoshwa walau na mvua. Ya kwangu niliifungia ndani na adui yake, nikawabania mlango kwa mawe.

Sasa kwa nini riveti zilikwisha na pete ikabaki inang'aa? Hapa ndipo jambo lenyewe linapokuwa tamu, kama wewe si mwenye kayaki.

Wengi wetu tulifanya lile jaribio shuleni: limau, msumari, kipande cha waya wa shaba, na umeme kidogo unapatikana. Metali mbili tofauti ndani ya maji yenye chumvi au asidi ni betri, na katika betri kuna metali inayotoa na metali inayopokea. Pete yangu ilikuwa ya stenlesi. Riveti zilikuwa za alminiamu. Zikikutana palipo na chumvi, alminiamu ndiyo inayojitoa. Inalika, inageuka ule unga mweupe, na stenlesi inabaki inapendeza kama bwana harusi. Ubaya zaidi ni ukubwa: pete pana ya stenlesi imeshikwa na viriveti vinne vidogo. Ni kama ukoo mzima kumtegemea mtoto mmoja mwenye ajira. Kingekuwa kinyume, alminiamu pana na skrubu ndogo ya stenlesi, ulaji ungesambaa mahali pengi na ungechelewa kuonekana.

Kumbe ule unga niliopangusa Ijumaa haukuwa vumbi, ndizo riveti zenyewe. Niliyoyaita uchafu yalikuwa ni pete yangu ikiniaga.

Jumatatu nikaipeleka kwa fundi wa pikipiki huku Pasua, kwa sababu wa kayaki hayupo. Ni mtu mzima, mpole, ana tabia ya kuguna kabla ya kukupa habari mbaya. Aliguna sana siku ile.

Skrubu nane za stenlesi zilizoshikilia reli za alminiamu zilikuwa zimegandana nazo. Bisibisi inazunguka, kichwa cha skrubu kinapukutika, skrubu yenyewe haina habari. Akataka kuwasha mtungi wa gesi azipashe. Nikarukia mkono wake: plastiki hii inayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, kwa moto ule angenirudishia sufuria la ugali. Tukamwagia mafuta ya breki kwenye kila skrubu, tukaacha yalale. Asubuhi nikarudi na chupa mbili za maji ya moto. Alminiamu ikipata joto inatanuka kuliko chuma, kwa hiyo ukimwagia maji yanayochemka juu ya reli lile tundu linalegea kidogo kuliko skrubu inavyonenepa. Mwaga, zungusha, rudisha, mwaga. Tano zilitoka zikilia. Mbili zilikatika, zikatolewa kwa drili. Moja ipo mpaka leo, haitoki, na tumeshaamua kuishi nayo kama mpangaji asiyelipa.

Hapa nijiseme na mimi. Kishikio kimoja cha fimbo niliwahi kukifunga mwenyewe, nikiwa na haraka, kwa skrubu nyeusi za jipsamu zilizobaki fundi alipomaliza dari. Unazijua, zile zinazouzwa kwa kilo. Bwawani zilivumilia, zikaweka kutu ya juu juu tu. Baada ya Pangani, fundi alipozigusa na bisibisi zilitoka bila kuzungushwa, kama vijiti vilivyooza, na kila tundu likashusha chozi la rangi ya chai kwenye plastiki. Chozi hilo halifutiki. Nimejaribu siki, nimejaribu limau, nimejaribu msasa. Sasa mgeni akiliuliza nasema ni damu ya samaki.

Kutafuta skrubu mpya kulinifundisha kutembea na sumaku. Yangu nimeitoa kwenye spika ya redio mbovu. Duka la kwanza mjini kijana aliniapia, "Bosi, hii stenlesi kabisa," nikatoa sumaku, bolti ikarukia kama mbwa anayemwona mwenye nyumba. Ni chuma kilichopakwa zinki kiking'aa. Stenlesi inayofaa ama haishikwi na sumaku, ama inashikwa kinyonge sana. Lakini sumaku nayo ina mwisho wake wa akili, haiwezi kukutenganishia stenlesi ya kawaida, ile ya 304, na ya baharini, 316. Tofauti ya hizo mbili kubwa ni kwamba ya pili imetiwa metali iitwayo molibdenamu, inayoisaidia kustahimili chumvi. Kwenye bolti nzuri utaisoma kichwani: A2 ni sawa na ile 304, A4 ni sawa na 316. Moshi nilipata A2 chache. A4 niliagiza Dar, zikaja na basi ndani ya bahasha, na nilipopiga hesabu kila bolti moja ilinigharimu kama soda na chapati.

Usidhani basi A4 ni hirizi. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu imejivika ngozi nyembamba sana, na ngozi hiyo inajishona yenyewe kila ikikwaruzwa, mradi hewa ipo. Uibane chini ya plastiki, kwenye ufa wenye chumvi usiopitisha hewa, ngozi inatoboka isirudi, na chuma kinachimbika vishimo pale pale usipopaona. Waya wa usukani wangu ulionekana mpya urefu wote. Uliooza ni ule urefu wa nusu kidole uliojificha ndani ya kibomba chake cha plastiki. Siku hizi sipotezi muda kukagua kinachong'aa. Nakagua kilichofunikwa.

Nilipofika hapo ndipo nikamkumbuka mzee wa Pangani.

Siku ya pili kule nilipita ufukweni palipokuwa na mashua imeegeshwa juu ya magogo, mzee mmoja anabadilisha ubao. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba bila kuinua uso. Alikuwa na rundo la misumari mirefu ya chuma pembeni na pamba ndani ya kopo la mafuta. Kila msumari kabla hajaupigilia aliuviringishia uzi wa ile pamba shingoni, chini kidogo ya kichwa, mizunguko mitatu au minne, taratibu kama mtu anayemfunga mtoto kilemba. Kisha nyundo. Kichwa kilipozama, mafuta yakatoka kidogo pembeni, akayapangusa kwa kidole.

Nikamuuliza kwa nini hapigilii moja kwa moja, kazi iishe. Akaniambia, "Mwanangu, ukiuacha uchi maji yatapita ubavuni mwake. Yakishapita ubavuni, huo si wako tena." Nikampiga picha, nikaona nimepata kitu cha kuwaonyesha watu, nikaondoka. Kayaki yangu ilikuwa hatua hamsini kutoka pale, skrubu zake zote ziko uchi.

Nilichokuja kufanya baadaye na fundi wangu, kwa vifaa vya dukani, ni kilemba kile kile. Pete ya nanga sasa imefungwa kwa bolti za A4 zinazopita hadi ndani, nyuma yake washa pana za kusambaza nguvu, na nati zenye kola ya plastiki zisizolegea kwa mtikisiko. Kati ya kila bolti na kila kitu inachogusa kuna grisi. Palipobaki alminiamu, yaani reli, nimekata vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli vikakaa kama godoro kati ya metali na metali. Chini ya pete kuna silikoni ya kuzuia maji, na hapo angalizo: ile silikoni inayonuka siki ukiifungua, usiitumie karibu na chuma. Harufu ile ni asidi kweli, inatoka wakati silikoni inakauka, na inauma metali uliyokuwa unataka kuilinda. Ipo isiyonuka. Halafu silikoni yoyote haigandi sawasawa kwenye plastiki ya namna hii, kwa hiyo itegemee iwe kama gasketi iliyobanwa na bolti, si kama gundi.

Riveti za alminiamu bado ninazo sehemu nyingine, na sizichukii. Kushikia kishikio cha plastiki kwenye mwili wa plastiki zinafaa kabisa, hakuna metali ya pili ya kuanzisha ugomvi. Nilizoziondoa ni zile zilizoolewa na stenlesi tu.

Kuhusu jua na panya nitasema kidogo. Jua linaikausha plastiki ikawa ngumu na kupauka, kwa hiyo inakaa kivulini, imelala kwenye mikanda mipana miwili, si juu ya matofali, maana matofali na joto la mchana yaliwahi kuiachia kibonye tumboni. Mifuniko na vizibo viko wazi muda wote ikiwa nyumbani. Panya walikula mpira wa kufungia mizigo. Nyigu walijenga kwenye tundu moja la kupitishia maji. Hayo ni maisha.

Desemba nilirudi Pangani. Safari hii nilibeba madumu mawili ya maji ya bomba, lita 20 kila moja, mswaki wa zamani na kopo la grisi. Kabla ya kuipandisha garini niliifungulia vizibo nikamimina dumu zima tumboni mwake, nikaitikisa, nikamwaga, nikasugua kila kichwa cha bolti kwa mswaki huku watoto wa pale wakinitazama kama naosha maiti. Rili, yaani vigurudumu vya kukunjia uzi wa fimbo, sikuzimwagia maji kwa nguvu. Nilizipitishia kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kwa sababu presha inasukuma chumvi ndani kwenye gololi, na ikishaingia huko ni safari ya kwa fundi. Kwa sababu hiyo hiyo nimeacha kuipitisha pale wanapoosha magari kwa mashine. Ndoano zilizolowa zina kopo lake, hazirudi kukaa na wenzao hadi zikauke.

Nyumbani ikaoshwa tena kwa mpira wa bustani, saa nzima, nikaamini kazi imekwisha. Jirani alikuwa ameegemea ua ananitazama.

"Yaani kitu kimekaa majini siku nne," akasema, "na bado unakiosha?"

Sikumjibu. Binti yangu wa miaka tisa, ambaye nilimfundisha kipimo changu pekee cha kitaalamu, alikuwa ameshaingiza mkono kwenye tundu la mbele hadi kwapani. Akapapasa nyuma ya zile washa, akautoa mkono, akalamba ncha ya kidole, akakunja uso.

"Baba, bado."

Nikaenda kufungua bomba tena.